Punje Zinapanda Gihosha

Siku ya mardi asubuhi, nyuma ya soko ya Mutakura, Muzee Hyacinthe alikuwa amelalisha nguruwe ya Mama Concilie chini, goti kwenye shingo, kijiti kati ya meno, mukono wa kuume ndani ya kinywa. Ndiyo kazi yake, miaka ishirini na kitu sasa, na si kazi ya kudharau. Unashika ulimi na kitambaa kikavu, sababu unateleza kama sabuni, unauvuta inje, alafu unapitisha kidole chini yake pole pole. Kama ni laini, nguruwe ni muzima. Kama kidole kinakuta vitu vidogo vigumu, kama punje za muchele chini ya ngozi, basi tena. Hakuna mununuzi wa maana ataigusa. Ataichukua mwenye kuchoma akabenzi kando ya barabara, ule anachukua vyote, na nyama ya nguruwe ikisha pakwa pilipili hakuna mwenye kuiuliza ilikuwa inaumwa nini.

"Sema basi, Muzee, usinitese," Mama Concilie akasema.

"Muchele iko."

"Mingi?"

"Ya harusi. Na wageni wa bibi harusi pia wanashiba."

Mama Concilie akatukana ile nguruwe, akatukana na mama yake.

Hyacinthe akaenda kunawa. Alinawa na sabuni, alafu na majivu, alafu na sabuni tena, juu mwaka mzima sasa binti yake Consolate alikuwa amemukataza kugusa mujukuu. Ule mujukuu, Kelly, miaka tisa, alishikwa na kifafa siku moja akiwa anakunywa uji, na tangu ile siku kinarudi kila mwezi. Watu wa mutaa wakasema: kitatoka wapi kama si kwenye mikono ya muzee, mikono yenye kushinda ndani ya vinywa vya nguruwe? Kelly hajakula nguruwe hata siku moja, harufu tu inamutapisha. Basi ni mikono. Hyacinthe mwenyewe aliamini. Alikuwa anasalimia mutoto kwa mbali, mikono nyuma, kama mutu amefungwa.

Ile mardi ndiyo ilikuwa siku ya dawa ya minyoo. Dawa ya watu na dawa ya nguruwe siku moja, kwenye kiwanja kimoja, laini ya watu huku, laini ya nguruwe kule, na ikafika saa mutu hajui tena yuko kwenye laini gani. Mwenye kugawa alikuwa Soumaya, muganga, binti ya Waarabu wa Jabe, kitambaa kichwani, karatasi ya maagizo mukononi.

"We hauli nguruwe, utajua nini ya nguruwe?" Mama Concilie akamuchokoza.

"Mi nakula samaki ya mukeke tu, mama. Lakini tegu haiulizi mutu dini yake." Alafu akageukia Consolate, aliyekuwa amekuja na Kelly. "Sikia, dada. Tegu ni munyoo murefu kama utepe, inakaa ndani ya tumbo ya mutu mwenye kula nyama haijaiva. Mayai yake inatoka na choo. Nguruwe ikiila, inapata punje. Mutoto akiikunywa ndani ya maji, punje inaota kichwani, ndiyo inaleta kifafa. Si mikono ya baba yako."

"Choo ya nani basi?" Consolate akauliza.

Soumaya akaangalia karatasi. Haikuandikwa.

Nguruwe ya Mama Concilie ikameza dawa saa nne kasoro. Saa nne na dakika kumi ikafungua kinywa na punje zikatoka. Zilitoka moja moja, nyeupe, zikateremuka kwenye kidevu mpaka chini, zikajipanga, alafu zikashika njia. Hyacinthe akaondoa mguu wake zipite.

Zikakata barabara ya lami. Mwenye pikipiki akasimama kuzingojea, akatumia ile nafasi kupiga simu. Zikaingia kwenye mutaro wa maji ya mvua, na badala ya kushuka na maji, zikapanda. Hapo kiwanja kizima kikapiga kelele, juu kila mutu anajua: ukipanda na ule mutaro, unafika Gihosha, kwa matajiri.

"Zinarudi kwa mama yao!" Soumaya akasema. Akavua viatu, akaanza kukimbia.

Sasa hapo ilikuwa sikukuu. Wamama wanapiga vigelegele, nguruwe nazo nyuma, na kwenye kila kona punje za nguruwe zingine zinaingia ndani ya laini, mpaka mutaro ukawa mweupe. Hyacinthe alikimbia na magoti yake yote mawili yanalia.

"Pole pole, Muzee, utakufa kabla ya kujua!" Mama Concilie akapiga kelele.

"Nitakufa kesho! Leo niko na kazi!"

Zikafika kwenye kipangu kimoja kikubwa, ukuta pande zote. Chini ya ukuta ilikuwa inatoka tiyo, bomba nene kama paja, inamwaga choo ndani ya ule mutaro wenye kushuka mpaka Mutakura. Punje zikapita kando ya tiyo, zikasimama mbele ya mulango wa chuma, zikaanza kubisha, sauti kama mvua ndogo kwenye mabati.

Akafungua Patron Melchiade, prezida wa komite ya usafi, ule mwenye kusemaka kwenye mikutano ati watu wa chini ni wachafu. Alikuwa na mushikaki wa akabenzi mukononi, ndani bado mwekundu, ndivyo anapenda. Punje zikapanda juu ya kandambili, zikapanda suruali, zikajikusanya kwenye tumbo yake kama vifaranga.

"Hizi ni zangu?" akauliza.

"Ni zako, Patron," Soumaya akasema. "Tegu iko ndani yako."

"Naona." Akajikuna. "Karibuni Fanta."

Hyacinthe hakusikia ya Fanta. Alikuwa anaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Consolate naye alikuwa anaiangalia. Alafu akashika mukono wa Kelly akauweka ndani ya ile mikono.

"Sogokuru, unanuka majivu," Kelly akamuambia babu yake.

"Acha ninuke," Hyacinthe akajibu, na akacheka mpaka akakaa chini ya ukuta ya watu.

Soumaya akatoa kidonge. Patron akakataa vizuri, na heshima. Dawa ni ya watu wa chini, akasema, yeye mwenyewe alisaini: Gihosha hakuna nguruwe, basi hakuna minyoo. Soumaya akaangalia karatasi. Kweli, saini ilikuwa hapo.

"Na tiyo?" Hyacinthe akauliza.

"Tiyo iko na ruhusa."

Wakakunywa Fanta, wakashuka.

Kelly bado anaanguka. Ila sasa ni Hyacinthe anamushika kichwa kisipige chini, na watu wanasema yuko na mikono mizuri kwa ile kazi. Nguruwe zinapata punje mupya kila mvua, dawa inakuja mara mbili kwa mwaka, na punje zinapanda kama kawaida. Kubisha kwazo kulikuwa kunamuharibia Patron usingizi wa muchana, basi akaita Loïc, fundi wa kujenga, amutobolee mulango mudogo wa punje chini ya ukuta, upana wa kidole, na simenti ya kweli na rangi ya kijani. Loïc akapima siku nzima. Ilikuwa kazi ya kuangalia sana, sababu pale ni karibu na tiyo, asije akaipasua.