Paka wa Mukuka na Paka wa Numbi

Mukuka alikuwa mtu wa kukipimia kila kinywa kazi yake. Kampuni ya shaba alikofanya kazi ilimpa posho ya unga kwa ajili yake, mkewe Mwaba na watoto. Baba yake, mzee Chileshe, aliyeharibika kifua kwenye tanuru za shaba, hakuhesabiwa. Paka wao mweusi naye hakuhesabiwa, lakini huyo angalau aliwekwa akamate panya.

Taabu ni kwamba paka alizeeka. Alilala kutwa juu ya gunia la unga, na panya wakapita mbele yake bila hata kunyata. Na kwa jirani, Numbi, kulikuwa na paka wa macho ya buluu, aliyeachwa na fundi Mbelgiji alipofungasha kurudi kwao. Umri wao mmoja, lakini wa Numbi bado alipanda paa kufuata panya na kurarua mapazia kama mtoto.

Wivu ukamkereketa Mukuka. Jumapili moja, wakila bukari, ugali wa ule unga wa posho, baba yake akisinzia kitini, akatangaza:

"Miaka yabo iko sawasawa. Paka ya Numbi inatumika kazi, yetu inalala tu. Mwenye hatumike, hakule bukari ya hapa."

Mwaba akamkonyeza anyamaze. Wapi. Alimtia paka ndani ya mfuko, akampa dereva wa lori la samaki lililokuwa likirudi Kilwa, kule ziwani.

Numbi aliposikia, alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, yangu ni ya Siam. Madame ya ule Mbelgiji alinielezea: ile race, ile kabila ya paka, inazeekaka na mbio yake. Ya kwetu inatumika sana mu bujana, kisha inachoka. Haiko buvivu. Ilimaliza kazi yake."

Mukuka aliona haya, ila haya nyepesi tu, ya kujikuna kichwa na kuaga.

Kesho yake alfajiri akasikia ufagio uani. Mzee Chileshe, ambaye asubuhi hata pumzi ya kusimama huwa hana, alikuwa amefagia mpaka mlangoni, mkono mmoja ukutani, akikohoa ndani ya kitambaa asije akasikika.

"Baba, acha. Nani alikutuma?"

Mzee hakumtazama. "Hapana muntu, mwana. Niko natumika kidogo. Kesho nitateka na mayi."

Mukuka akakumbuka maneno yake ya mezani, na safari hii aibu haikuwa nyepesi. Akanyoosha mkono aupokee ufagio. Mzee akaung'ang'ania.