Dadu la Zuena

Mwaka 1954, Zuena na kaka yake Muhidini waliujenga mji wa Mbeya sakafuni kwa maboksi matupu ya viberiti. Kila mmoja alikuwa na zimwi lake la udongo. Walirusha dadu kwa zamu, na nyumba iliyoangushwa ililiwa na zimwi la aliyerusha.

Alasiri moja dadu la Zuena liliangusha boksi waliloliita nyumba ya bibi. Papo hapo ardhi ikanguruma. Mabati yakagongana, ukuta ukapasuka.

"Toka nje!" Muhidini alimvuta mkono.

Ardhi ilipotulia, Zuena alisema, "Nimemuua bibi."

Walikimbia hadi Mwanjelwa, alikoishi bibi. Ukuta mmoja wa nyumba ya bibi yao ulikuwa umelala chini. Zuena hakuweza kusogea. Muhidini aliita, "Bibi!" Akaita tena.

"Niko huku nyuma!"

Bibi Mwamvita alikuwa ameketi chini uani, mzima, kajaa vumbi. Zuena alimweleza yote huku akilia.

"Mjukuu wangu, dadu halina nguvu hiyo," bibi alisema, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ardhi ni ya Mungu."

Lakini kisha alimnong'oneza Muhidini aende akalitupe dadu hilo, na Zuena alimsikia.