Nozeli Mbili za Machano

Mume wangu Machano alikufa mwezi wa Rajabu, mwaka wa 1956, kwa homa ya siku nane. Siku homa ilipomshika alikuwa chini uani, anabadilisha nozeli za gari la Abrahman wa Matemwe. Nozeli ndizo zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Gari lile lilikuwa na nne, zote zimechoka. Alibadilisha mbili, akaandika kwenye daftari lake, akapanda ngazi na kuniambia baridi inamwingia. Hakushuka tena kwa miguu yake.

Abrahman alikuwa mtu wa adabu. Alilichukua gari lake hivyo hivyo, likigonga na kutoa moshi mweusi, akaendelea kubeba abiria mpaka arubaini ikapita. Alhamisi moja asubuhi akalirudisha uani kwetu, mtaa wa Malindi. Nozeli mbili mpya zilizobaki zilikuwa bado kwenye karatasi ya mafuta.

Wa kuzifunga alikuwa Silima, mdogo wake Machano. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja kwa msiba. Wazee walimtaka abaki aishike gereji ya kaka yake. Yeye alisema atajaribu gari hili kwanza. Likimshinda, Jumamosi anapanda meli kurudi Tanga, na ua utafungwa. Miaka kumi na moja nilikaa ghorofani nikisikia spana chini yangu. Sikujua nyumba ile ingekuwa nyumba gani ikinyamaza.

Nilikuwa nimekaa eda. Sikuonana na wanaume, wala sauti yangu sikuitoa nje ya chumba. Dirisha la uani lilifungwa, nikasikiliza kupitia mbao zake. Aliyepeleka maneno ni mama mkwe wangu, Bi Mwatum, ambaye magoti yanamuuma na ngazi zetu ni ndefu.

"Silima anauliza daftari linasemaje," alisema, akihema.

Machano aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani; Silima alizoea za Kizungu tu. Nilimsomea: ya tatu na ya nne nimeshabadilisha, zimebaki ya kwanza na ya pili.

"Ya kwanza na ya pili. Haya, uzee huu nshakuwa fundi gari."

Akashuka, nikamsikia anampigia kelele mwanawe. "Ya kwanza na ya pili! Na hizo washa zako za shaba ziondoe kwenye seredani yangu, nnataka kupika kahawa!"

"Mama, pete hizi za kukalia nozeli zikipata moto zinalainika, ndo zinaziba vizuri."

"Na kahawa isipopata moto?"

Abrahman alicheka. Nilifurahi kusikia mtu anacheka uani.

Silima alifanya kazi bila haraka. Karibu na Adhuhuri alitoa hewa kwenye mirija, akawasha. Injini ilishika, na ikagonga vile vile. Moshi ulinifikia chumbani.

"Bwana Silima," Abrahman alisema, "mimi si mtu wa maneno, lakini hivi ndivyo nilivyolileta."

"Basi ni pampu. Ntaifungua."

"Ukiifungua ikakushinda, watu wa Matemwe nitawabeba mgongoni?"

Abrahman alikuwa na haki. Machano alikuwa akisema pampu ya dizeli haifunguliwi uani. Ikifunguliwa inapelekwa Mombasa, na gari linakaa miezi.

"Nozeli zote nne ni mpya sasa," Silima alisema. "Mbili za kaka, na hizi mbili za mbele nimezitia mwenyewe, huku kwenye rejeta. Kilichobaki ni nini?"

Za mbele. Nilisimama.

Kwa mafundi wengine, nozeli ya kwanza ni ile ya mbele. Machano hakufuata kitabu cha mtu. Mara nyingi nilimwona kutoka dirishani: alisimama ubavuni mwa gari, rejeta ikiwa kushotoni kwake, akahesabu kutoka kulia, kama anavyoanza mstari wa Kiarabu. Ya kwanza yake ilikuwa ya nyuma kabisa. Kwa hivyo Silima alizitoa zile mpya za kaka yake, akaziacha mbovu. Siku arubaini za moshi zilikuwa zimezijaza masizi, asingeweza kuzitambua.

Nilimwita Bi Mwatum. Hakuitika, alikuwa ameshafunga sala. Chini nilisikia sanduku la spana linaburutwa. Kutoa sauti mbele ya Abrahman sikuweza. Nikakishika kikapu cha kamba tunachowashushia wauza mboga, nikaandika karatasi kwa herufi za Kizungu: *Machano alihesabu kutoka kulia. Ulizozitoa ndizo mpya. Usiguse pampu.* Niliitia kikapuni, nikafungua ubao wa dirisha kiasi cha kikapu kupita, nikashusha mpaka kikagonga boneti.

"Mbona soko limehamia juu?" Abrahman alisema.

Silima alisoma, akaweka spana chini.

"Kaka aliihesabu injini kama anavyosoma juzuu," alisema. "Ningelegeza mrija mmoja mmoja nikasikiliza, ningejua. Niliamini daftari kuliko masikio yangu."

"Basi sasa amini kikapu."

Aliziosha nozeli za Machano kwa mafuta ya taa, akazichoma washa upya, Bi Mwatum akilalamika, akazifunga kwa nyuma. Kabla ya Asri aliwasha. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikatulia, sauti nzito na ya sawasawa, bila moshi.

Machano akimaliza gari alikuwa akipanda juu kuniomba ndimu ya kutolea mafuta mikononi. Nilikaa nikisikiliza ngazi. Nilisikiliza mpaka Abrahman akatoka na gari lake, na mlio wake ukapotea upande wa Darajani. Ndipo nikalia kidogo, peke yangu.

Bi Mwatum alipanda akishika ukuta.

"Silima anauliza, daftari lina kurasa ngapi?"

"Sitini na kitu."

"Anasema meli ya Jumamosi itakwenda bila yeye. Anataka kila siku umsomee ukurasa mmoja, na umwambie kaka yake alisimama wapi. Sasa mimi nipande hizi ngazi mara sitini?"

"Hapana, mama. Nitamwandikia, nishushe kwa kamba."

"Afadhali," alisema, akakaa kitandani kwangu kupumzisha magoti.