Jina la Kusomwa Sherganj

...na wote wapo, nawahesabu tena kutoka upande wa kaskazini, Kadhi Aminullah na tasbihi yake ya kaharabu, Himmat Khan mkuu wa askari, aliyevua viatu lakini si upanga, Nawab Dilawar Ali Khan mwenyewe, mtawala wa mji, juu ya busati alilotandikiwa peke yake, jambo ambalo marehemu baba yake hakulifanya, kisha Mir Sharafat, ndugu wa mke wangu, ambaye leo hataki kuniangalia, na mbele yao Pir Bakhsh muadhini, mzee kuliko mimi, adhana yake ina mapumziko kama mtu anayepanda ngazi, na mimi, Muhammad Fazil bin Muhammad Salih, khatibu wa Sherganj mwaka wa ishirini na tisa huu, nimekaa juu ya mimbari namsubiri amalize, fimbo mkononi, mapajani karatasi ya hotuba, na chini ya karatasi ile barua... leo Ijumaa, tarehe ishirini na sita Rajabu, magoti yananiuma, hotuba imekamilika isipokuwa mahali pamoja nilipoacha wazi, mahali pa jina la yule tunayemwombea kama mfalme wetu. Mungu ni mkubwa, anasema Pir Bakhsh, anavuta pumzi... jana Nawab alikuwa akila komamanga, hakuniambia kaa. "Maulana, yule wa Delhi ukimwita hasikii. Mimi nasikia." Nikasema, "Mheshimiwa, jina la mfalme limesomwa hapa tangu msikiti huu ulipojengwa." "Na tangu hapo tumeupaka chokaa mara ngapi? Yeye ametuletea hata ndoo moja?" Wakacheka, Himmat Khan kuliko wote, "Ndoo ipi, mheshimiwa, Waajemi walipoiteka Delhi walibeba mpaka ndoo zake!" na Nawab akapangusa vidole, "Kesho jina langu, na liwe peke yake. Ukishindwa, mpwa wa kadhi atapanda, nasikia ana sauti," kadhi akakohoa, akatazama zulia... kama ingekuwa mimbari tu ningempa, na nyumba ya khatibu ningempa, nimechoka, lakini Abdul Baqi mwanangu yuko Delhi, mwandishi katika maktaba ya mfalme kwa miaka kumi na moja, na miezi miwili iliyopita, mji wa jirani ulipoliacha jina la mfalme, watu wa mji ule waliokuwa katika ofisi za ikulu walitiwa gerezani wote, mpaka mpishi, mfalme hana jeshi la kufika huku lakini gereza analo, kwa hiyo kila Ijumaa ninapolisoma jina lake ninaweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, hayo Nawab hayajui, au anayajua na anaendelea na komamanga lake. Nashuhudia, anasema Pir Bakhsh, sauti inakwama, anarudia... mwaka ule Delhi ilipobadilisha wafalme wanne nilikuwa mgeni katika kazi hii, tarishi alizuiwa na mafuriko, Ijumaa tatu nikamwombea umri mrefu mtu aliyekwisha kuzikwa, sokoni wakaniita Maulana wa Maiti, muuza vitunguu alipiga kelele, "Maulana, na babu yangu mwombee maisha marefu, alikufa mwaka juzi!" na Abdul Baqi, miaka saba, ameshika joho langu, akauliza, "Baba, dua zile zilikwenda wapi?" nikamnunulia muwa... ndiye mtoto niliyemfundisha kuandika majina kamili, hata kwangu huanza barua na majina yote ya mfalme, mistari minne, ndipo aulize habari za mama yake. Njooni kwenye sala... leo mlangoni Mir Sharafat alinishika kiwiko, akanipa barua, "Shemeji, tarishi amefika. Isome baada ya sala, nakuomba." "Ya Abdul Baqi?" "Ya Delhi," akasema, akainama kuvua viatu ambavyo alikwisha kuvivua, na mwandiko huu wa juu si wake, labda ameumia mkono, labda amemwambia jirani amwandikie, yeye ni mvivu wa wino siku za joto... basi nitalisoma jina la mfalme, nimekata shauri, apande mpwa wa kadhi Ijumaa ijayo, mke wangu atahamia kwa kaka yake. Njooni kwenye kufaulu, anasema Pir Bakhsh, na kidole changu kimeshaingia chini ya karatasi, nta ya barua imevunjika kabla sijakusudia, hakuna majina ya mfalme, hakuna hata moja, ni mistari mitatu tu ya mtu anayejiita Lutfullah, mpangaji mwenzake... Himmat Khan anajikuna shingo, Nawab ananitazama mdomoni, na ile nafasi wazi katika hotuba naweza kuijaza kwa jina lolote, la huyu, la yule, la mpwa wa kadhi, hakuna tena kichwa chini ya mkono wangu, Mungu ni mkubwa, anasema Pir Bakhsh, anapumzika, bado neno moja nisimame. Abdul Baqi bin Muhammad Fazil alifariki Delhi kwa homa, Alhamisi, tarehe nne Rajabu, akazikwa siku hiyohiyo.