Barabara ya Kwenda kwa Tusekile

Usingizi unanikuta jikoni, mezani, Jumapili asubuhi, maji ya chai ya wageni yakiwa bado hayajachemka. Sikukaa pale kulala, nilikaa kuandika, maana kila Jumapili najiambia sasa basi, narudi kwenye hadithi zangu fupi, nitaandika kila siku kama zamani, kabla watu hawajaamka, ukurasa mmoja tu, na hadithi moja ikiisha naanza nyingine. Halafu naitazama karatasi, nayo inanitazama. Mvua ya Tukuyu inapiga bati, inapiga na kupiga, kichwa kinashuka, na ninapotaka kukiinua nakuta meza haipo, jiko halipo, nimesimama barabarani na ndala zangu za ndani, wala sishangai. Barabara ni nyekundu, imenyooka, huku migomba na huku migomba. Natembea. Naipita migomba, kisha naipita tena ile ile, na kilima kilicho mbele kila nikikikaribia kinarudi nyuma kama kuku anayekwepa kukamatwa. Nasema kwa sauti, jamani, hii barabara inakwenda wapi, na sauti yangu inatangulia mbele na haigeuki.

Nafika mjini, au mji unanifikia mimi, sijui. Ni mji wa milango. Milango mizuri ajabu, mmoja wa bluu, mmoja wa kijani, mmoja umepakwa rangi ya embe bivu, kila mmoja umesimama peke yake na fremu yake, na nyuma yake hakuna nyumba. Naufungua mmoja, harufu ya kahawa inanipiga, nasikia mwanamume anakohoa anataka kusema neno, halafu basi, majani. Naufungua mwingine, kicheko cha msichana, halafu majani. Naijua hii milango. Yule anayekohoa ni fundi seremala niliyeanza kumwandika mwezi wa kwanza, mwaka upi sikumbuki, maana kila mwezi wa kwanza namwanza mtu. Ng'ambo ya barabara kuna madirisha ya vioo, na ndani ya vioo kuna mji huohuo umegeuzwa, na katikati yake nipo mimi mezani, naandika sentensi ya kwanza, naifurahia, nainuka. Narudi, naandika sentensi ya kwanza nyingine, naifurahia, nainuka. Mwanzo mtamu bwana! Natamani kumpiga kofi yule mwanamke kwenye kioo.

Mbele ya kioo cha mwisho kuna mama amesimama mguu mmoja juu, kikapu mkononi, kama mtu aliyeambiwa asisogee. Anageuka na uso wake hauna kitu, hauna jicho wala pua, laini kama unga uliokandwa. Shikamoo mama, namwambia, maana kwa mabega yake ni mtu mzima. Marahaba, anajibu, sijui kwa mdomo gani. Unakwenda wapi? Nakwenda ninakokwenda siku zote, na sijafika hata siku moja. Kwani nani anakuzuia? Anayenizuia ndiye anayenitembeza, akikaa chini natembea, akiinuka nasimama. Ah, mama, nina wageni mimi, nina haraka, niambie kitu kinachoeleweka. Anacheka. Anafunua kikapu, namo mna wembe mpya, uzi, sabuni na kitenge safi, na nakitambua, kwa sababu kikapu hicho nilikipanga mimi. Huyu ni mkunga wa hadithi yangu. Mwanangu, anasema, uliandika hivi, mkunga akashika barabara isiyo na mwisho. Ulikuwa unataka nini? Nilitaka ipendeze, namjibu. Basi imependeza, na mimi ndiye ninayeitembea. Na uso? Uliandika sura yake haielezeki, ukaridhika kabisa, ukaenda zako. Hata jina hukunipa.

Aibu inanipanda mpaka masikioni, na hapo hapo nausikia mguno, mbali, mwisho wa barabara isiyo na mwisho, mguno wa mwanamke anayebana meno. Tusekile! Nilimwandika alfajiri moja, enzi zile naandika kila siku, enzi mkono wangu ulikuwa mwepesi. Binti mdogo, yuko peke yake nyumbani, mume yuko kwenye mashamba ya chai, mvua inanyesha, uchungu umeanza, jirani amekimbia kumwita mkunga. Hapo ndipo Ambakisye, mume wangu, aliponiita, njoo basi, wewe si unaandika tu, watu wa kwaya wamekuja, nami nikaiambia karatasi nakuja sasa hivi. Mwanangu Ambwene alikuwa hajaota meno. Siku hizi Ambwene anakwenda shule, anasoma na kuandika, na Tusekile bado yuko kwenye uchungu.

Kaa uandike, ananiambia mkunga, unangoja nini tena? Nakaa kando ya barabara. Kalamu ninayo, karatasi sina, naandika kwenye paja langu. Na hata hapo, Mungu anisamehe, naanza kutafuta sentensi nzuri. Naandika, mbingu zikamwaga machozi yake yote, na mto unafumuka katikati ya barabara, na mkunga wa watu anazama mpaka kiunoni, kikapu kichwani. We mama we, anapiga kelele, unataka kuniua? Andika kama mtu! Nafuta kwa mate. Naandika, mkunga akatembea. Anatembea. Naandika, kulikuwa na daraja, na daraja lipo, anavuka. Naandika, akapita nyumba ya bati, akapita kinu, akapita nyumba nyingine. Sentensi mbovu, sentensi za mtoto wa shule, sizionei fahari hata kidogo, ila mama wa watu anakwenda. Mkono unauma. Nauachia nipumue kidogo tu, na barabara inamvuta nyuma, nyumba ya bati ile, kinu kile, daraja lile. Naandika tena. Nikisita anarudi, nikiandika anakwenda, nami naikandamiza kalamu kwa hasira, maana miaka yote nilijidanganya kwamba nikiziacha, hadithi zangu zinanisubiri zimelala kabatini kama shuka. Hazikuwa zimelala. Watu walikuwa wanaumia humo, na mimi nilikuwa naosha vikombe.

Mwisho wa barabara ninauandika mwenyewe, kwa neno moja kavu, ikaisha, nayo inaisha, mlangoni kwa Tusekile. Yuko chini kwenye mkeka, ameshika mguu wa kitanda, jasho linamtiririka, na yeye ana uso, yeye nilimpa uso, macho makubwa yamenikazia. Umekuja, anasema. Ningekuwa na nguvu ningekutukana matusi yote ya Rungwe. Nisamehe mwenzangu, nilikuwa natafuta muda. Na muda wa wageni uliutoa wapi? Nilikuwa nangoja hamu inijie. Hamu! Anataka kucheka, uchungu unakikata kicheko, anauma kitenge mpaka upite. Wewe umezaa, ananiambia. Uchungu wa Ambwene ulikuwa wa usiku mmoja na ukausimulia mwaka mzima, kila anayekuja lazima asikie. Mimi nimsimulie nani? Nakaa chini karibu naye, nauliza, na mtoto, mzima? Ananitazama sana. Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayejua. Sijui, namwambia, na kweli sijui, nilikuwa sijaamua. Hujaamua, anasema polepole. Miaka yote hii nasukuma, na wewe mtoto wangu hujaamua kama aishi.

Nalia, naandika huku nalia. Mkunga akaingia. Anaingia. Akaweka kikapu chini, akanawa mikono. Nampa pua pana, nampa mwanya, nampa alama ya kuungua karibu na nyusi, na macho yake yanafunguka na kazi inaanza. Sukuma mama, anasema, sukuma, nakiona kichwa. Naandika kichwa. Paja limejaa, nahamia kwenye mkono. Halafu kutoka juu, kwenye bati, nasikia sauti ya Ambakisye. Mama Ambwene! Mama Ambwene, wageni wameshafika! Tusekile ananishika kiganja. Usiende, nakuomba, sentensi moja tu. Na mdomo wangu huu, kabla sijaufikiria, unasema nakuja sasa hivi. Tusekile ananiachia. Hata hakasiriki, anageuza uso ukutani kama mtu aliyezoea.

Niko jikoni. Maji yamechemka yanamwagikia jiko, sebuleni watu wanakung'uta miavuli, Mama Lwitiko, mwenyekiti wa kwaya, anauliza kama nyumba hii ina wenyewe. Karatasi mbele yangu ina mistari, sijui ni ya leo au ya miaka ile. Na nyuma ya ukuta wa stoo nasikia mguno. Najiambia ni ndoto inamalizikia masikioni, lakini Ambakisye anaingia kuchukua vikombe, anasimama, anainua kichwa. Nani anaugua huko? ananiuliza. Nachukua birika. Namimina cha kwanza, habari za asubuhi, nzuri, karibuni sana, mguno upo. Namimina cha pili, poleni na mvua, mguno upo, najiambia kikombe hiki kimoja tu halafu narudi. Namimina cha Mama Lwitiko, ananiambia ongeza kidogo mwanangu, naongeza, na mguno unakatika. Kimya. Mtoto akitoka, kabla hajalia, huwa kimya hivihivi, na mama akifa huwa kimya hivihivi, na mimi nimezaa lakini siwezi kuvitofautisha. Nangoja kilio. Chai inajaa kikombe, inajaa kisahani, inashuka kwenye kitambaa cha meza, na watu wote wananitazama. Tusekile! naita kwa nguvu zangu zote, birika mkononi. Tusekile mama, uko hai? Mtoto analia? Niambie!

Mwacheni jamani, Ambakisye anawaambia wageni kwa upole, akininyang'anya birika. Bado hajaamka.