Paja la Kulia

Daktari alinichoma sindano za majaribio, kimeng'enya cha kufuta vishimo vya ngozi, paja la kulia tu. La kushoto likabaki la kulinganishia. Madoa ya zambarau yalitanda kama wino majini, yakafifia. Kila akinipiga picha anakunja uso: “Bado sioni tofauti, dada.”

Nikasonya. Yaani nimevimba bure!

Kitinda mimba wangu hulala mapajani mwangu, kidole kimezama kwenye kishimo. Jioni ile kidole kilitangatanga kwenye paja la kulia, polepole, kama kinapapasa mlango gizani. Kikakosa. Akajiviringisha, macho ameyafumba, akahamia la kushoto, akashusha pumzi.

Nikampigia daktari simu.

“Dawa inafanya kazi,” nikamwambia. “La kushoto usiliguse.”