Wageni Waliosema Wameshiba

Wageni wa posa walipotoka nyumbani kwa Bi Thuwaiba, mtaa wa Mkomani, mjini Amu, sinia la kahawa lilikuwa lingali nyuma ya pazia, limefunikwa kawa, halijaguswa na mkono wa mtu.

Idris, mwanawe, aliwasindikiza hadi kona ya msikiti kisha akarudi na uso mkunjufu. Alikuwa na furaha ya kweli. Ndiyo kwanza akae mahali pa marehemu baba yake kama walii wa dada yake, na kwa maoni yake mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Bwana Barka, baba wa mchumba, mkulima wa minazi na tumbaku kutoka kisiwa cha Pate, alizungumza kwa upole. Nduguye Hamdu, aliyefuatana naye, hakusema mengi lakini alitabasamu. Hakuna aliyemkata mwenzake maneno.

Ndani alimkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Radhiya, ambaye ndiye aliyeposwa, alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo.

"Mbona hukuja kuchukua sinia?" Bi Thuwaiba aliuliza.

"Niliwauliza kama watakunywa kitu, Mama. Wakasema wameshiba."

"Uliwauliza."

"Ndiyo. Kahawa, chai, maji baridi, vyote niliwatajia. Wakasema alhamdulillahi, wametosheka."

Bi Thuwaiba alimtazama kama mtu anayetafuta sura ya mtoto wake katika uso wa mtu mzima. Halafu, taratibu, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kufikiri kwamba mwana aliyezaliwa nyumba ile angehitaji kuelezwa. Mgeni haulizwi. Mgeni huletewa. Ukimuuliza umemfunga mdomo, kwa sababu hakuna mtu mwenye haya zake atakayesema ndiyo, nataka. Atasema ameshiba hata kama tumbo limegusa mgongo. Na hawa hawakuwa wageni wa kupita. Walikuja kuposa. Mtu aliyekuja kuposa akiondoka bila kulowesha midomo, amekwisha kupewa jibu, na jibu lenyewe ni hapana.

"Nilikohoa," akamalizia. "Nilikohoa hata koo likaniuma."

Idris alikumbuka. Alikisikia kweli kile kikohozi, na kwa wema wake alipaza sauti palepale sebuleni kumuuliza mama kama anataka maji. Sasa ndipo alipokumbuka pia kwamba Bwana Barka aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake.

Radhiya aligeuka. Hakuwa analia, na hilo lilimtia Idris hofu zaidi.

"Walitoka Pate alfajiri ili wayawahi maji yakijaa, kaka. Wataambiana nini ndiani wakirejea kwao?"

Akalinyanyua sinia akalirudisha jikoni, mahamri yakiwa yamekwisha poa.

Kosa lile lilianzia mbali, katika mji wa Groningen, Uholanzi, alikokwenda Idris kusomea uhandisi wa maji. Majira yake ya kwanza ya baridi huko, mwanafunzi mwenzake alimwalika kwao wafanye kazi ya chuo pamoja. Jioni ilipofika, mama wa nyumba akamuuliza kama atakula nao. Idris akasema hapana, ahsante, kama alivyolelewa, akangoja aulizwe tena na tena. Mama yule akatabasamu, akasema haya, akaandaa meza ya watu wa nyumbani. Idris akakaa kwenye kochi na gazeti asiloelewa hata neno, harufu ya viazi na vitunguu ikimpiga puani, akiwasikiliza wenzake wakila. Alirudi chumbani kwake kwa baiskeli akiwalaani kwa uchoyo.

Aliyemfungua macho ni mwenye nyumba wake, Bi Annelies, muuguzi mstaafu aliyeishi ghorofa ya chini. Idris alipomsimulia, bibi yule alishangaa kweli. Si alisema hataki? Kwake yeye, kumshikilia mtu baada ya kusema hapana ni kumwambia kwamba anasema uongo, au kwamba ni mtoto asiyejua anachotaka. Kwao mtu akisema neno, husadikiwa.

Hilo lilimwingia Idris. Alipotazama vizuri aliliona liko kila mahali. Aliposema anaumwa, mwalimu hakumdai cheti cha daktari. Aliposema amekwisha rudisha kitabu, mkutubi alikwenda kukitafuta rafuni badala ya kumkazia macho. Yeye aliyezoea huko kwao kusimamishwa njiani atoe kitambulisho, na akikitoa bado aulizwe ni mtu wa wapi hasa, aliona amepewa kitu cha thamani. Akaanza kuishi hivyo: kusema analolitaka, na kuwaamini wengine wasemapo lao. Baada ya muda hakukumbuka tena kwamba ni tabia aliyojifunza.

Asubuhi ya pili yake alimpigia simu Bwana Barka, akaomba radhi kwa maneno mazuri aliyoyapanga. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana neno, mwanangu, sisi ni watu wamoya. Idris akashusha pumzi, akaenda jikoni kumpasha mama yake habari njema.

"Amekwambia hapana neno?" Bi Thuwaiba aliuliza huku akikuna nazi.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi neno liko," alisema, akaendelea kukuna.

Halikukawia kujulikana. Athman, mchumba mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimwandikia Radhiya, na Radhiya akaja kumsomea kaka yake ujumbe kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Baba amesema watu wa Mkomani wana majumba yao ya mawe, wamtafutie binti yao mtu wa kiasi chao. Amesema hatarudi kubisha mlango ambapo mtu huulizwa kama ana kiu. Athman alikuwa bado anambembeleza, lakini alimjua baba yake, na aliomba Radhiya asiweke tumaini kubwa.

Radhiya na Athman walijuana tangu chuo cha ualimu. Kwa Radhiya hapakuwa na mwanamume mwingine, na nyumba nzima ilijua hivyo ingawa hakuna aliyelisema.

Idris alijitetea. Alisema hakumdharau mtu. Alisema kama ni kosa, basi ni lao vilevile, maana walisema wameshiba na hawakushiba. Walidanganya.

"Hawakudanganya," Radhiya alijibu. "Walikupa nafasi ya kuwa mkarimu, kaka. Nawe ukawarudishia."

Idris alikaa na neno hilo mchana kutwa, akaswali nalo Isha, na alfajiri akamwambia mama yake kwamba anakwenda Pate. Bi Thuwaiba hakumzuia. Idris alipouliza kama abebe halua au kapu la maembe, mama alikataa. Akienda na kapu ataonekana anakwenda kulipa. Idris mwenyewe hakunywa hata chai, akatoka hivyohivyo.

Chombo cha abiria kilimshusha gati ya Mtangawanda, kisiwani Pate, jua likiwa limekwisha panda, na kutoka hapo bodaboda ikampeleka hadi mlangoni kwa Bwana Barka. Mzee alikuwa barazani akichambua majani ya tumbaku, makubwa upande huu, madogo upande ule. Alimpokea vizuri, vizuri mno. Alimuuliza hali ya mama, hali ya nyumba, hali ya jamaa wa Mkomani mmoja mmoja, hali ya safari. Alimsogezea mkeka aketi. Neno ambalo hakulisema ni karibu ndani.

Idris alianza maneno yake. Bwana Barka akasema hapana neno. Idris akasema kosa lilikuwa lake peke yake, mama na dada hawakuwa na habari. Hapana neno. Alisema dada yake hali wala halali vizuri. Mzee akageuza jani la tumbaku, akalitazama mgongo, akasema Mungu atamjaalia la kheri, hapana neno. Ilikuwa kama kurusha mawe kwenye mchanga. Yalitua tu, bila kishindo.

Kutoka ndani ilikuja harufu ya samaki wa nazi na wali uliopaliwa makaa. Idris alijua kilichobaki. Adabu aliyofundishwa na mama yake ilimtaka ainuke, ashukuru, aage, na jambo liishe hapo kwa heshima bila mtu kupaza sauti. Ndivyo watu wa pwani wanavyovunja uchumba, kwa tabasamu. Akaona kama anamwona Radhiya dirishani. Na katika dhiki ile akajiuliza swali rahisi ambalo Bi Annelies angemuuliza: unataka nini hasa?

"Ami Barka," alisema, "nina ndaa."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya tumbaku.

"Umesemaye?"

"Nina ndaa. Sijatia kitu tumboni tangu yana. Naomba chakula, na naomba nikilie ndani."

Bwana Barka alimtazama. Katika umri wake wote hakuna mgeni aliyewahi kumwambia hivyo. Waliomwambia wana njaa kwenye mlango ule walikuwa wanawe, wakirudi chuoni na ubao kwapani, na baadaye wajukuu. Mgeni hasemi. Mwana wa nyumba ndiye asemaye. Nyuma ya mlango kikasikika kicheko cha mwanamke kilichozibwa na mtandio, na sauti ya Bi Rumaisa, mkewe, ikatoka.

"Babake Athman, kijana analia ndaa, nawe wamuuliza amesemaye?"

Mzee akakuna kidevu. Alikuwa anajizuia, lakini pembe za midomo zilikuwa zimekwisha mponyoka.

"Kuko Ulaya ndivyo watu wasemavyo?"

"Ndivyo, Ami. Mwenye njaa husema. Na akisema ameshiba, husadikiwa. Mimi niliwasadiki. Hilo ndilo kosa langu."

"Ulitusadiki," Bwana Barka alirudia polepole, kama anaonja chumvi ya mchuzi. Kisha akatikisa kichwa. "Tulikuwa na ndaa mno, mwanangu. Hamdu alinunua mihogo ya kukaanga gatini, akaila ndia nzima akikuapiza. Kila akitafuna, ataja yina lako." Akaipangusa mikono kwenye kikoi, akainuka akimwita kwa mkono. "Ndoo ndani."

Waliletewa sinia, wakala wawili. Idris aliposema ametosheka, mzee hakumsikia hata kidogo. Alimmegea samaki mwingine akamwekea upande wake, na Idris akamla. Sasa mazungumzo yakaja yenyewe. Bwana Barka alikiri kwamba kiu haikumuuma. Kilichomuuma ni kufikiri kwamba kijana aliyefika mbali namna ile amewaona watu wa Pate si kitu. Kisha akauliza mambo aliyokuwa akiyasikia tu. Ni kweli kwamba huko jirani hapigi hodi mpaka atangulize simu? Ni kweli mtu anaweza kufa nyumbani mwake asijulikane?

Idris hakutaka kuwasema vibaya watu waliomtendea wema. Alimweleza habari ya mkutubi na kitabu, na mzee akapendezwa. Kisha akamwambia jambo ambalo hata mama yake hakuwahi kulisikia.

"Baba alipofariki sikuwahi mazishi. Mwenye nyumba wangu, Bi Annelies, alikuja mlangoni, akaniuliza: wataka nikae nawe, au wataka kuwa peke yako? Nikamwambia peke yangu. Akanisadiki, akaenda zake. Nililia siku nzima, Ami, nikimngoja arudi."

Bwana Barka aliacha kula.

"Hakurudi?"

"Alirudi siku ya pili. Akauliza tena. Hapo ndipo nikamwambia kweli, nikasema kaa. Akakaa nami hadi jua likatua, hasemi kitu, amenishika mkono. Ni mtu mwema. Kwao wema hungoja kuitwa."

Mzee alisema siku alipomzika mama yake, watu walijaa nyumba hii hata hakupata pembe ya kulia, na siku nyingine alitamani mtu mmoja tu amuulize anataka nini. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, pengine ili Bi Rumaisa asisikie. Halafu akanawa mikono, akaegemea mto, akasema kwamba Ijumaa, inshallah, yeye na Hamdu watavuka kwenda Amu, na safari hii atamchukua na Bi Rumaisa akaonane na Bi Thuwaiba.

Idris hakungoja kufika nyumbani. Alimpigia Radhiya akiwa Mtangawanda, abiria wengine wakipakia magunia ya nazi. Alimwambia wanakuja Ijumaa.

"Ulimwambia nini?" Radhiya aliuliza.

"Nilimwomba chakula."

"Ulimwomba Ami Barka chakula? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Akamsikia akimhadithia mama, na mama akisema kwa sauti kali kwamba ametiwa aibu Pate nzima, kwamba hatathubutu kuonana na Bi Rumaisa uso kwa uso, na kwamba Radhiya aende mbio kwa jirani akaulize kama bado ana iliki nzuri. Radhiya alicheka. Kile kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, naye hakukificha, akaendelea kulia sikioni mwa kaka yake mpaka nahodha alipowaita abiria wapande.